Dwarka kwa Saa za Hekalu: Safari ya Hija Pamoja na Jirani Yangu wa Mombasa

Dwarka ni mji mdogo kwenye ncha ya magharibi ya jimbo la Gujarat, India, mahali ambapo mkondo wa Gomti unaingia Bahari ya Arabuni. Kwa Wahindu mji huu una heshima mara mbili: ni kituo kimojawapo katika vinne vya hija iitwayo Char Dham, pamoja na Badrinath kaskazini, Puri mashariki na Rameswaram kusini, na tena umo katika orodha ya miji saba mitakatifu, pamoja na Kashi, Ayodhya na Mathura. Waumini wanasema hapa ndipo mungu Krishna aliposimamisha ufalme wake baada ya kuihama Mathura.

Nilikwenda huko Januari 2025 kumsindikiza jirani yetu wa Tudor, bibi wa Kilohana, jamii ya Wahindu wa Kigujarati, anayekaribia miaka themanini, ambaye mtaa mzima tunamwita Ba kama wajukuu zake wanavyomwita. Aliletwa Mombasa na wazazi wake akiwa mtoto mdogo, katika miaka ya 1950, kwa meli ya Karanja iliyokuwa ikifanya safari kati ya Bombay na pwani yetu, na tangu hapo alikuwa hajapata kurudi Dwarka. Mjukuu wake wa kike alikuwa mtu wa tatu katika msafara wetu. Mimi si Mhindu, na nimeona vyema kulisema hilo mapema kwa sababu wengi wameniuliza niliingiaje hekaluni. Nimeandika baada ya kurudi nyumbani, nikitumia daftari, risiti na picha.

Ijumaa, 17 Januari: Mumbai, kisha treni ya usiku

Safari ya SGR hadi Nairobi na ndege ya moja kwa moja hadi Mumbai hazikuwa na jambo la kusimulia. Mtu anayetoka Kenya asisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano: huombwa uwanjani kabla ya mhuri wa pasipoti, na chanjo yenyewe huhesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku kumi tangu kuchomwa, kwa hiyo haifai kungojea wiki ya safari.

Kutoka Mumbai hadi Dwarka ni zaidi ya kilomita 900 kwa reli. Tulipanda treni ya usiku iendayo Okha, kituo cha mwisho cha reli ile, katika behewa la vitanda vya ngazi tatu lenye kiyoyozi. Jambo la kuelewa kuhusu tiketi za treni India ni kwamba unaweza kulipa kisha ukawa bado huna kitanda. Tiketi iliyoandikwa herufi RAC inakupa nafasi ya kukaa, mkigawana kitanda kimoja watu wawili hadi atokee abiria aliyeghairi. Tiketi ya WL ni ya kungojea, na isipothibitishwa haikupi kitanda wala kiti. Tiketi za Ba na mjukuu wake zilikuwa zimethibitishwa, yangu ilikuwa RAC, na niligawana kitanda na mwalimu mstaafu wa kike aliyekuwa akirudi Rajkot. Alipoona ninasinzia nikiwa nimekaa wima, alijikunja pembeni na kunisisitiza ninyooshe miguu, akisema yeye atashuka kabla yangu na atalala kwake.

Jumamosi, 18 Januari: njiani kupita rasi ya Saurashtra

Baada ya Rajkot nchi ilibadilika ikawa tambarare na kavu, mashamba ya pamba na jira yakipishana na vichaka vya miiba. Sikukuu ya Uttarayan, ambapo Gujarat nzima hurusha tiara, ilikuwa imepita siku chache tu, na nyaya za umeme katika kila mji zilikuwa bado zimening'inia mabaki ya karatasi za rangi.

Treni ilisimama kwa muda mrefu katika kituo kidogo bila tangazo lolote, na chakula tulichobeba kilikuwa kimekwisha. Familia iliyokuwa upande wa pili wa behewa ilifungua makopo yake pasipo kuombwa: thepla, yaani chapati nyembamba za majani ya uwatu na binzari, achari ya embe, viazi vikavu vya jira, na gathia kama zile zinazouzwa kwetu Mombasa. Ba alipowajibu kwa Kigujarati chenye maneno ya zamani, bibi wa familia ile aliacha kula akamtazama, kisha akamwuliza kijiji cha wazee wake. Ikabainika kwamba wote wawili wana asili ya upande wa Khambhalia, mji ambao treni ile ile ingeupitia alasiri. Waliendelea kutajana majina ya ukoo mpaka treni ilipoondoka, na walipoagana, bibi yule alimpa Ba rupia 11 azitie hekaluni kwa niaba yake, maana wao walikuwa wanashukia Jamnagar.

Tulifika Dwarka tukiwa tumechelewa karibu saa tatu. Tuktuk kutoka kituoni hadi mjini ilikuwa rupia 100, ambazo kwa wakati ule zilikuwa takriban shilingi 150 za Kenya. Tulipanga katika nyumba ya wageni ya mahujaji, chumba safi cha vitanda vitatu kwa rupia 1,200, umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka hekaluni. Huduma za namna hii ni nyingi mjini, nyingine za bei ya chini zaidi. Mtu akiwa na mzee achague kwa ukaribu na hekalu kabla ya kitu kingine chochote, hata kama chumba ni cha kawaida.

Jumapili, 19 Januari: Dwarkadhish

Mji wote unafuata saa za hekalu la Dwarkadhish, yaani Bwana wa Dwarka, ambalo ni jina la Krishna. Milango hufunguliwa saa 12:30 asubuhi kwa ibada ya kwanza, hufungwa saa 7 mchana, hufunguliwa tena saa 11 jioni na kufungwa usiku karibu saa 3:30. Kati ya mchana na jioni maduka mengi nayo hulala. Mabasi ya matembezi huwaleta watu asubuhi, yakawazungusha sehemu zote kwa siku moja, na nimeona nyuso za watu waliofika mlangoni dakika kumi baada ya kufungwa. Nasema kwa moyo wote kwamba mahali hapa panahitaji angalau usiku mbili.

Hekalu lina milango miwili. Wa kaskazini, unaotokea sokoni, huitwa Moksha Dwar, mlango wa ukombozi. Wa kusini ni Swarga Dwar, mlango wa mbinguni, na kutoka hapo ngazi 56 zinashuka hadi mtoni Gomti. Kwa mzee mwenye magoti mabovu njia ya sokoni ndiyo nyepesi, na tulikuwa tumeshakubaliana hivyo usiku uliotangulia. Asubuhi Ba alibadili shauri. Alitaka kugusa maji kwanza, kisha apande. Vijana waliokuwa wakibeba wazee kwa kiti walikuja kutuuliza, na mjukuu wake akamsihi akubali.

"Mwanangu," alimwambia kwa Kiswahili, ambacho ndiyo lugha yao ya nyumbani wanapobishana, "nikibebwa nitakuwa nimefika, lakini ngazi hizi sitakuwa nimezipanda."

Akapanda. Alipumzika kila baada ya ngazi saba au nane, akishika bega langu upande mmoja na la mjukuu wake upande wa pili. Katikati ya safari kundi la wanawake wa kijijini, wenye shela nyekundu za madoadoa na bangili hadi kwenye viwiko, walipunguza mwendo wao wakawa wanahesabu ngazi kwa sauti pamoja naye. Hawakuwa wanatujua. Walipofika juu walipiga kelele "Jai Dwarkadhish!" na kuendelea na njia yao.

Simu na kamera haziruhusiwi ndani. Huachwa kwenye makabati nje, nawe hupewa kibandiko. Viatu vilevile. Wanaume na wanawake hupanga mistari tofauti. Mimi niliulizwa dini na nchi yangu, nikatia saini karatasi ya kuahidi kuheshimu ibada ya mahali pale, kisha nikaruhusiwa. Mwenye hali kama yangu aulize kwa adabu mlangoni na awe na pasipoti mkononi, na ajue kwamba katika mahekalu mengine ya India wasio Wahindu hawaingii kabisa. Ni haki ya wenye nyumba.

Hekalu ni la mawe ya chokaa, lenye ghorofa tano zinazobebwa na nguzo 72, na mnara uliochongwa kuanzia chini mpaka juu. Jengo la zamani lilivunjwa na jeshi la Sultani Mahmud Begada wa Gujarat mnamo miaka ya 1470, na hili lililopo linahesabiwa kuwa la karne ya 15 na 16. Sanamu ya Krishna ni ya jiwe jeusi, yenye mikono minne. Pazia hufunguliwa na kufungwa kwa vipindi, kwa kuwa huvikwa, hulishwa na hupumzishwa kama mfalme aliye hai. Mtu hupata sekunde chache tu mbele yake kabla walinzi hawajamsogeza. Zamu ya Ba ilipofika, mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yetu alitandaza mikono akauzuia msukumo wa mstari mzima, na Ba akapata nafasi ya kusimama, kutoa zile rupia 11 za bibi wa treni kwanza, na kisha sadaka yake mwenyewe.

Nje ya hekalu tuliketi kungojea bendera. Juu ya mnara hupepea kitambaa cha urefu wa gazi 52, karibu mita 47, chenye alama za jua na mwezi, na kwa desturi ya miaka mingi hubadilishwa mara kadhaa kwa siku. Kila bendera hugharamiwa na familia moja, ambayo huja nayo kwa ngoma na nyimbo, kitambaa kikiwa kimebebwa kichwani. Kisha mwanamume wa ukoo wa Mabrahmani Waaboti, ambao ndio wenye kazi hiyo kwa urithi, hupanda mnara kwa mikono na miguu mitupu mpaka kileleni. Upepo ulikuwa mkali. Watu wote uwanjani walinyamaza alipofika juu, na bendera mpya ilipofunguka zilipaa kelele ambazo sijapata kuzisikia hata kwenye uwanja wa mpira. Katika picha zote nilizopiga safarini, hii ya bendera ndiyo niliyoombwa zaidi na majirani.

Chakula cha mchana kilikuwa sinia la Kigujarati kwa rupia 180, unaongezewa mpaka ukatae: dengu yenye utamu wa sukari guru, viazi, biringani, kadhi, yaani mchuzi wa mtindi, chapati ndogo zilizopakwa samli, wali na glasi ya maziwa ya mgando yaliyotiwa jira. Hakuna nyama katika hoteli za mjini, na sidhani kama kuna mtu atakayeihitaji. Asubuhi watu hula fafda za unga wa dengu pamoja na jelebi za moto.

Jioni tulirudi kwenye kingo za Gomti. Mtu wa Mombasa hatakosa kugundua kwamba mto huu ni mkono wa bahari: maji hujaa na kupwa, na chumvi yake ni ileile. Mwezi Januari ni msimu wa kaskazi, na upepo uliokuwa ukipuliza mgongoni mwetu ndio uliokuwa ukiyasukuma majahazi ya Kutch, Jamnagar na Porbandar kuja Lamu, Mombasa na Unguja. Wapiga mbizi wa akiolojia, wakiongozwa na S. R. Rao wa taasisi ya taifa ya elimu ya bahari ya India, walichunguza maji ya hapa miaka ya 1980 wakakuta mawe ya kuta na nanga nyingi za mawe zilizotobolewa matundu. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu umri wa mabaki yale wala kama ni ya mji wa Krishna, lakini nanga zinatosha kuonyesha kwamba vyombo vilitia nanga hapa tangu zamani sana. Ba hakuhitaji ushahidi huo. Mimi ulinifurahisha mno.

Daraja la waendao kwa miguu liitwalo Sudama Setu, linalovuka Gomti, tulilikuta limefungwa. Wanaopanga kwenda kwenye visima vitano vya maji matamu upande wa pili waulize kwanza.

Jumatatu, 20 Januari: Rukmini, Nageshwar na kisiwa cha Bet Dwarka

Tulikodi gari dogo kwa rupia 2,000 kwa mzunguko mzima. Basi la matembezi lingegharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo, ila halimsubiri mzee.

Hekalu la Rukmini, mke wa Krishna, liko kilomita mbili nje ya mji, peke yake kwenye uwanda wa chumvi. Ni dogo, linakadiriwa kuwa la karne ya 12, na kwa uzuri wa michongo mimi naliweka mbele ya Dwarkadhish: safu ya tembo chini, safu ya watu juu yake, kila kimoja na sura yake, ingawa upepo wa bahari umeshailamba mingi. Kabla ya kuingia, kuhani huwakalisha wageni na kuwasimulia kisa. Krishna na Rukmini walikuwa wanalivuta gari la mtawa Durvasa. Rukmini akashikwa na kiu. Krishna akapiga ardhi kwa mguu maji yakatoka. Rukmini akanywa bila kumkaribisha mgeni. Mtawa akakasirika, akamlaani aishi mbali na mumewe. Ndiyo maana hekalu lake liko huku, na ndiyo maana sadaka ya hapa ni maji. Ardhi haina maji ya kunywa, huletwa kwa magari, na wageni huchangia. Toa unachoweza, hakuna kiwango, hata kama sauti ya kuhani inaashiria kipo.

Nageshwar, kilomita 17 hivi kutoka Dwarka, huhesabiwa kuwa miongoni mwa sehemu 12 ambako mungu Shiva alijidhihirisha kama nguzo ya nuru. Sehemu nyingine mbili, moja Maharashtra na moja Uttarakhand, nazo zinadai heshima hiyohiyo, na mahujaji tuliozungumza nao hawakuona tatizo lolote kuzizuru zote. Nje kuna sanamu ya Shiva aliyeketi, yenye urefu wa mita 25, inayoonekana kutoka mbali sana. Kisa cha hapa kinamhusu mfanyabiashara Supriya, aliyetekwa na jini Daruka pamoja na wenzake akawafundisha wafungwa wote kumwomba Shiva gerezani mpaka wakaokolewa. Ba alikisimulia garini kwa urefu, akisisitiza neno mfanyabiashara kila mara, kwa kuwa baba yake alikuwa na duka.

Gopi Talav ni bwawa lenye udongo wa manjano ambao Wavaishnava, yaani Wahindu wanaomwabudu Vishnu na Krishna, hujipaka kwenye paji la uso. Tulikaa dakika ishirini, tukanunua vipande vya udongo, tukaondoka.

Barabara ya Okha inapita Mithapur, ambako milima ya chumvi nyeupe inaonekana kando ya njia. Kiwanda cha kemikali cha hapo kilianzishwa mwaka 1939, na kampuni inayokimiliki, Tata Chemicals, ndiyo hiyohiyo iliyokuja kununua kiwanda cha magadi cha Ziwa Magadi kwetu Kenya. Dereva hakuamini mpaka nilipomwonyesha picha.

Hadi majuzi Bet Dwarka ilifikiwa kwa mashua kutoka Okha. Daraja la Sudarshan Setu, lenye urefu wa kilomita 2.32 na sehemu ya kati iliyoning'inizwa kwa nyaya, lilifunguliwa tarehe 25 Februari 2024, na njia yake ya waendao kwa miguu imepambwa kwa aya za Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Kwa Ba lilikuwa neema: hakulazimika kuruka kutoka gatini kwenda kwenye chombo kinachoyumba. Hata hivyo nilikwenda kuzungumza na nahodha mmoja, Mwislamu wa kisiwani, aliyekuwa akipaka mashua yake rangi. Aliniambia abiria wamepungua mno, na sasa anafikiria kurudi kwenye uvuvi. Nilipomwambia ninatoka Mombasa, alinitajia Lamu na Zanzibar, akasema babu yake alikuwa baharia na alizijua zote mbili. Alituma kijana atuletee chai na akakataa malipo. Nashauri anayekwenda avuke kwa daraja wakati mmoja na kwa mashua wakati mwingine, iwapo mashua bado zinafanya kazi siku hiyo. Bahari ile inastahili kuonwa kutoka karibu na maji.

Hekalu la kisiwani ndilo linaloaminiwa kuwa makazi ya Krishna, na hapa ndipo rafiki yake maskini Sudama alipomtembelea na zawadi ya mchele mkavu aliouonea haya. Kwa sababu hiyo mahujaji hutoa mchele. Ba alikuwa amebeba kilo moja kutoka Mombasa, mchele wa Mwea, ukiwa umefungwa kwenye kitambaa ndani ya begi lake la mkononi, na hakutuambia hata sisi mpaka pale mlangoni. Kuhani aliuliza ni mchele wa wapi, akalirudia jina lake mara mbili, akaumimina pamoja na mingine. Tulifika saa 6 na robo. Hekalu hili nalo hufungwa mchana, kwa hiyo anzeni mzunguko mapema.

Jumanne, 21 Januari, na Jumatano, 22 Januari: Jamnagar

Ba alihudhuria ibada ya alfajiri mara moja zaidi, kisha tukapanda treni hadi Jamnagar, kama kilomita 130 kuelekea mashariki. Familia nyingi za Waoshwal wa Kenya, jamii ya Wajaini wa Kigujarati, zimetoka vijiji vinavyouzunguka mji huu, na katika duka la kwanza la vitambaa vya bandhani tuliloingia, mwenye duka alikuwa na shangazi Nairobi. Alitupunguzia bei, kisha akafunga mlango ili Ba apumzike bila wateja kumsumbua.

Kando ya Ziwa Ranmal kuna hekalu dogo la Bala Hanuman, ambako maneno "Shri Ram, Jai Ram, Jai Jai Ram" yamekuwa yakiimbwa usiku na mchana tangu tarehe 1 Agosti 1964. Waimbaji ni wa kujitolea na hupeana zamu. Mwenyeji mmoja alitueleza kuwa hata siku ya tetemeko kubwa la ardhi la 26 Januari 2001 hawakunyamaza. Mgeni yeyote anaweza kuketi na kuitikia. Tulikwenda saa 4 usiku, Ba akapewa matoazi, na tuliondoka saa 7 kasoro, baada ya mjukuu wake kulala kwa kuegemea nguzo.

Kuhusu fedha: ukiacha ndege na viza, kila mmoja wetu alitumia takriban rupia 14,000 kwa treni, malazi, chakula, usafiri na sadaka tangu Mumbai hadi kurudi. Wenyeji hulipa karibu kila kitu kwa simu, kwa mfumo ambao mgeni asiye na akaunti ya benki ya India hutatizika kuutumia, hivyo beba noti ndogo za rupia 10, 20 na 50 za kutosha, maana za 500 hazipati chenji asubuhi. Mwezi wa Januari baridi ya alfajiri ni ya kweli, na sakafu ya mawe hekaluni hukanyagwa bila viatu. Soksi nene zinaruhusiwa, na Ba anawausia wazee wenzake wazibebe jozi mbili.